Jivu Juu ya Kisiki

Ukiingia hotelini kwake mara ya kwanza ulidhani umekosea meza. Hujaketi vizuri, hujasema unataka nini, yule bwana anatoka jikoni na sahani zimempanda mkono mmoja kutoka kiganjani mpaka begani. Anazipanga mbele yako zote: nyama iliyochemka na nazi mpaka ikakauka na kuwa nyeusi, kuku, samaki, mayai yaliyozama kwenye pilipili, mboga chungu za chinsaga, maharagwe, supu. Halafu anarudi jikoni bila neno. Nani angekuambia kwamba kwao ndivyo chakula kinavyoandaliwa, kwamba unakula unachotaka, unalipia ulichogusa, na kilichobaki hakina lawama? Sisi tulilelewa tukijua kwamba kurudisha chakula cha mwenye nyumba ni kumtukana. Basi watu wetu walikula vyote. Nilimwona dereva mmoja wa lori akilegeza mkanda, jasho la pilipili likimtiririka, akisema, "Mungu wangu, huyu mtu ananipenda namna gani?"

Tulimwita Mpishi. Jina alikuwa nalo, refu na la kupendeza, lakini mji wetu wa Keroka ulijaribu kulitamka ukashindwa. Mimi nilikuwa jirani yake, cherehani yangu mlangoni, ukuta mmoja kati yetu. Nilifika Keroka nikiwa bibi arusi mwaka ule wa uhuru, nikamkuta. Kuzaliwa kwake na ukoo wake sitavisimulia, kwa sababu sivijui na sina tabia ya kubuni. Najua alikuwa mpishi wa meli, akashuka Mombasa, akapanda malori kuja bara. Alisema alishuka Keroka kunyoosha mgongo tu, akaona milima, migomba, majani ya chai na mvua ya alasiri, vitu vyote vya kwao, na mpaka leo mgongo haujamaliza kunyooka.

Kwao ni kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Ukimwita Mhindi, alicheka. Ukimwita Mwarabu, alicheka. Bwana mmoja msomi aliyefanya kazi ofisini Kisii alimwita Mjava, kabila la kisiwa kingine huko kwao, akidhani anamfurahisha kwa kuijua jiografia. Wacha wee! Mpishi aliweka sahani chini, akapangusa mikono, akasema polepole, "Mimi ni Mminangkabau." Yule bwana alilazimika kurudia neno lile mpaka likamtoka sawasawa, ndipo akaletewa supu.

Mkewe alikuwa Moraa, mtu wetu, mwenye maneno machache na mwendo wa taratibu. Mpishi alikuwa Mwislamu, Moraa alikuwa Msabato, na watu walingoja wagombane wakachoka. Wangegombania nini? Huyu hali nguruwe, na yule hali nguruwe. Ijumaa adhuhuri hoteli ilifungwa, Mpishi yuko msikitini Kisii mjini. Jumamosi kutwa ilifungwa, Moraa yuko kanisani. Wateja walilalamika kwamba hii ni hoteli ya sabato mbili. Mpishi aliwajibu kwamba mwenye njaa ya kweli hujua kalenda.

Jambo lililowashangaza watu zaidi ni mafundisho yake juu ya nyumba. Kwao, alisema, nyumba ni ya mama. Shamba ni la mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti ndiye anayerithi. Mwanamume akioa ndiye anayehama, anakwenda kulala kwa mke wake akiwa mgeni. "Mume nyumbani kwa mkewe," alisema, akipuliza kiganja chake, "ni jivu juu ya kisiki. Upepo mdogo tu, limekwenda." Wazee wa Keroka walimsikitikia sana. Mmoja alimshika bega akamwambia, "Pole, mwanangu. Sasa uko mahali salama."

Lakini yeye hakuona la kusikitisha. Aliposikia watoto wetu wakimwita mama yao "baba," kama tunavyosema kwa Ekegusii, lugha yetu, alifurahi wiki nzima. Na alipojua kwamba mjomba, kaka wa mama, sisi tunamwita mame, na wao wanamwita mamak, alinijia dukani mbio na mwiko mkononi. "Fundi! Sisi ni ndugu, bahari imetutenga tu!" Nikamwambia ndugu yangu auondoe mwiko, unadondosha mafuta kwenye kitambaa cha mteja.

Huyo mjomba sasa. Kwao mjomba ndiye mwenye kumwongoza mtoto, si baba. Mpishi na Moraa walikuwa na mtoto mmoja, binti, Kerubo, na Moraa alikuwa na kaka mmoja, Mogaka, mtu mwema lakini mpenzi wa busaa na kivuli. Kila jambo la Kerubo likitokea, Mpishi alipaza sauti, "Mjomba aitwe!" Kerubo kapata viatu vipya, mjomba aitwe aseme kama vinafaa. Kerubo kagombana na mwalimu, mjomba aitwe. Maskini Mogaka aliitwa mpaka akakosa nafasi ya kulewa. Mwishowe akaanza kuvaa koti, akaanza kukohoa kidogo kabla ya kusema, na watu wakaanza kumwamkia kwa heshima. Mimi ninaamini Mpishi alijua anachofanya, ingawa yeye alikana.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mpole kwa wanawake jikoni. Aah! Mtu aliyehubiri kwamba nyumba ni ya mke hakumruhusu mke huyo aguse sufuria. "Nyumba yako, moto wangu," alisema. Moraa alikaa mbele akipokea wateja. Ndani tulimsikia Mpishi akisema peke yake, mara kwa ukali, mara kwa kubembeleza. Alikuwa akizungumza Kiminangkabau na sufuria, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Kerubo alijifunza lugha ile mlangoni mwa jikoni, kwa hiyo alijua majina ya viungo vyote na matusi yote ya moto mkali.

Aliwahi kukosea pia, tena vizuri. Alitaka jiwe la kusagia pilipili, lile la bapa la kwao, akaenda Tabaka akawaagiza wachongaji. Walimchongea jiwe zuri ajabu, laini, lenye maua pembeni. Mawe ya Tabaka unayakwaruza kwa kucha. Siku hiyo wateja wote walikula pilipili yenye unga wa mawe, meno yakilia kra-kra, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu walidhani ndivyo Waminangkabau wanavyokula. Yeye mwenyewe alipoonja alikimbia barabarani akitema na kucheka. Jiwe lile akamwekea Moraa mlangoni liwe kiti.

Na paa je? Alimleta fundi kutoka Mosocho akamwambia akunje mabati ncha zote mbili zielekee juu, kama pembe. Fundi alikataa, akisema mvua ya Kisii haichezewi. Mpishi alimwekea sahani zote mezani, na fundi alipomaliza kula hakuwa na nguvu za kukataa. Ndiyo ikawa Hoteli ya Pembe. Pembe zile zilikuwa za nyati wa hadithi yao. Zamani mfalme mgeni alikuja na nyati mkubwa wa kupigana, na wao wakatoa ndama tu. Ndama huyo walikuwa wamemnyima maziwa na kumfunga kisu puani. Ndama alimwona yule mkubwa akadhani ni mama, akakimbilia kunyonya, na mchezo ukaishia hapo. Wazee wetu, ambao walipenda sana mafahali wakipigana, walimwomba airudie hadithi kila walipokuja. "Hiyo akili," walisema, "ni ya Kisii kabisa."

Basi sasa nimfikie Kerubo, maana kila nilichosema kinamwelekea yeye.

Watu wetu walimhurumia Mpishi kwa kukosa mtoto wa kiume. Walimwambia waziwazi, bila ubaya: binti ataolewa, ataondoka, na boma lako litazimika. Yeye alishangaa. "Nitazimikaje nami nina binti? Angekuwa mvulana ndiyo ningelia." Alitaka jambo moja tu duniani, na hakulificha: Kerubo asiondoke. Mume aje. Nyumba ya pembe ibaki na mwenyewe, na baada yake binti yake. Tulicheka, tukadhani ni mzaha wa jikoni. Halafu Kerubo akakua, akapendana na Nyamweya.

Nyamweya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mrefu mwenye aibu, mtoto wa kati katika nyumba yenye wavulana wengi huko Nyamira. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, fimbo mkononi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Mzee huyo alimtuma mshenga, mshenga akaleta habari nzuri, na siku ikapangwa waje kuzungumza ng'ombe wa mahari.

Nilikuwepo, nikimsaidia Moraa kupokea wageni. Mpishi alijaza meza mpaka sahani zikakaa juu ya sahani. Nilijaribu kumnong'oneza mshenga kwamba si lazima kumaliza, lakini mzee wa Nyamira alikuwa amekwisha kuomba na kuanza. Alikula vyote kwa adabu. Machozi yalimtoka, masikio yakawa mekundu, hakupunguza mwendo.

"Mzee, ni pilipili?" nilimuuliza.

"Ni furaha," alisema kwa sauti iliyokauka, akanyoosha mkono kuomba maji.

Walipopumua, mshenga alisimama. "Tumeshiba. Sasa tuseme habari ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" Mpishi akauliza.

"Ng'ombe wa Kerubo."

"Kerubo hana ng'ombe."

"Tunaleta sisi."

"Mnanunua nini?" Akatabasamu, akidhani anawapunguzia mzigo. "Msilete kitu. Sisi ndio tutakuja Nyamira kumchukua kijana. Tutakuja na chakula, na ngoma, na mwavuli wa manjano juu ya kichwa chake, tumlete hapa kwa mke wake. Ndiyo heshima ya kwetu."

Jamani! Kwetu, binti asiyetolewa ng'ombe ni kama hajaolewa, na watoto wake hawana pa kusimama. Na kijana wa kuchukuliwa na mwavuli kupelekwa ukweni? Mzee wa Nyamira aliinuka, akishikilia meza kwa sababu ya shibe.

"Mwanangu si msichana," alisema. Akachukua fimbo yake. Wote wakatoka.

Siku zilizofuata, hoteli ilinyamaza. Hata sufuria haikugombezwa. Kerubo alifua vitambaa vya meza vilivyokwisha kufuliwa. Hakumlaumu baba yake hata kwa neno, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nyamweya alipita barabarani na baiskeli, akasalimu kwa kengele tu, kichwa chini. Mogaka aliitwa, akakohoa, akasema jambo hili ni zito, akaomba apewe muda. Moraa alikaa juu ya jiwe la Tabaka akinitazama mimi, na Moraa akikutazama hivyo anakutuma.

Niliingia jikoni, mahali ambapo mwanamke hakuingia.

"Mzee," nikasema, "wewe si ndiye unayesema kwamba unapokanyaga ardhi, mbingu ya hapo ndiyo unayoibeba?"

"Ndiyo methali ya kwetu. Mgeni hufuata desturi ya mahali alipo."

"Na unabeba mbingu gani sasa?"

Aliendelea kukoroga. "Fundi, nikipokea ng'ombe nimemtoa Kerubo. Akiondoka, mimi nina nini hapa? Kule kwetu dada zangu wana nyumba. Hapa nyumba yangu ni yeye." Akapangusa macho, akajifanya ni moshi.

Roho iliniuma, lakini mimi nikishaanza siachi. "Miaka yote hii unatuwekea sahani zote mezani. Unasema mtu achague, na kinachobaki hakina lawama. Leo umemletea mzee wa watu sahani moja tu, na unamshika shingo aimalize."

Aliacha kukoroga. Aliacha muda mrefu hata nyama ikashika chini, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye jiko lile. Kisha akaangua kicheko, kile kicheko chake cha tumboni, akapiga sufuria kwa mwiko. "Mjomba aitwe!"

Tulikwenda Nyamira yeye, Moraa, Mogaka na koti lake, na mimi kwa sababu nisingeweza kubaki. Mpishi alibeba vyakula, na mwavuli niliokuwa nimemshonea kwa kitambaa cha manjano chenye nyuzinyuzi pembeni. Mzee alitupokea kwa baridi. Mpishi akampangia sahani chini ya macho yake, na safari hii akasema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa mteja yeyote.

"Mzee, usile vyote. Onja unachotaka. Na desturi ni vivyo hivyo. Ya kwenu hii hapa, ya kwetu hii hapa. Chukua, acha. Sitakasirika."

Mzee alizitazama sahani. Nikaona fikra zimemfunguka. "Kumbe siku ile sikulazimika?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Hata yale mayai?"

"Hata yale mayai."

Mzee wa kanisa alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Baada ya hapo maneno yalitembea. Ng'ombe watakuja, alisema, hilo haliondoki. Mpishi akakubali, ila asipokee yeye, apokee Moraa, kwa kuwa boma ni la Moraa. Mogaka akakohoa, akasema kwamba yeye ni mjomba na analiona jambo hilo ni jema. Arusi itafanyika Nyamira, kanisani. Lakini watakaa wapi? Kwetu mkwe na mkwe wana heshima yao, chinsoni: kijana hawezi kuona mahali mkwewe anapolala, seuze kuishi naye ua mmoja. Mzee alifikiri, akichagua kipande kidogo cha nyama na kukiacha kingine, akifurahia uhuru wake mpya.

"Nina wavulana wengi na shamba ni lile lile," alisema mwishowe. "Kule Keroka nyuma ya hoteli kuna nafasi. Pandeni migomba katikati. Mlango wao utazame barabara nyingine. Migomba ikiwa minene ya kutosha, mimi nikiwa huku Nyamira sitaona kitu."

"Itakuwa minene," Mpishi akasema.

"Lakini huo mwavuli," mzee akaongeza, akiusukuma kando kwa fimbo, "hiyo sahani ninaiacha."

"Hakuna lawama," Mpishi akajibu.

Siku ya arusi jua lilikuwa kali asubuhi yote. Maharusi walipotoka kanisani, mvua ya alasiri ikafika na mawingu yake yote kwa pamoja. Watu wakatawanyika. Nyamweya akasimama katikati ya uwanja na suti aliyoazima, hajui akimbilie wapi. Na ni nani aliyeuchomoa mwavuli wa manjano kutoka kwa Mogaka? Ni baba yake Nyamweya mwenyewe. Aliufungua, akamfunika mwanawe na Kerubo, akatembea nao polepole kwenye matope huku yeye akilowa, kifungo cha shingo kikiwa palepale. Mpishi alisimama mvuani akilia na kucheka waziwazi. "Sikusema kitu!" alipiga kelele. "Nyote ni mashahidi! Sikusema kitu!"

Mara ya mwisho kukaa naye vizuri ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nikijiandaa kuhamia Kisii mjini. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, sahani akibeba chache, na Moraa alikuwa amekwisha kuruhusiwa kugusa sufuria, kwa sharti kwamba azungumze nayo. Migomba nyuma ya hoteli ilikuwa mirefu kuliko pembe za paa. Kerubo alikuwa amejifungua karibuni, na wanawake wa Keroka walikuwa wakiingia na kutoka. "Ni msichana?" walimwambia Mpishi. "Si neno, Mungu ataleta mvulana." Na yeye kila mmoja alimsukumia sahani ya nyama bure, akisema, "Kula, mama, hujui unachosema."

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe la Tabaka, mtoto mapajani. Alikuwa akimwongelesha Kiminangkabau kwa ile sauti ya kubembeleza niliyoizoea kupitia ukutani. Sufuria ilikuwa imepata mrithi.

Nilimtania, kama kawaida yetu. "Mzee, hilo jivu bado liko juu ya kisiki? Upepo haujalichukua?"

"Upepo umejaribu," alisema. "Lakini leo sijui, Fundi. Mimi ni mgeni tu hapa." Akamwinua mtoto, akamgeuza anitazame. "Muulize mwenye nyumba kama ninaweza kubaki."

Mtoto alikuwa amelala nusu. Mpishi alimwekea kidole kimoja kwenye kiganja, kidole chenye makovu ya mafuta na harufu ya pilipili isiyotoka. Mtoto akakifumbata.

Mpishi akangoja kidogo, akakivuta polepole kuona kama kitaachiwa. Hakikuachiwa.

"Amesema nibaki," akaniambia.